Jazz ya Jumatano iko Westlands, wapigaji wake wako Eastlands

*Mkazi wa Tassia, huko Eastlands jijini Nairobi, anayetaka kusikiliza jazz laivu siku ya kazi huchagua kwanza saa na nauli, ndipo achague bendi. Sheria, barabara na hesabu za wenye baa zote zina mkono katika jambo hili.*

Saa kumi na moja unusu jioni, Jumatano, steji ya Tassia kando ya Outering. Matatu zinazotoka mjini zimejaa hadi mlangoni, na kila inayosimama inateremsha watu wenye mifuko ya mkate na viatu vilivyojaa vumbi. Mama mboga ameanza kukata sukuma wiki, kisu kikienda mbio bila yeye kukitazama, maana wateja wake hufika wote kwa wakati mmoja.

Ng'ambo ya barabara, matatu ya kwenda mjini inaita abiria na haiwapati. Anayepanda pekee ni kijana aliyevaa shati jeupe lililopigwa pasi, mgongoni amebeba kasha jeusi la saksafoni. Anaketi nyuma na kulipakata kasha lile ili lisigongwe na mtu. Ana shoo Westlands saa mbili usiku.

Mpigaji anatoka mtaani saa ileile msikilizaji anapoingia. Wanapishana barabarani, kila mmoja ndani ya matatu yake, na mara nyingi hawakutani wiki nzima.

Wapenzi wa muziki huu wapo Tassia. Huku wanaishi walimu, wahasibu, wafanyakazi wa uwanja wa ndege wa JKIA, mafundi wa Industrial Area na wanafunzi wa vyuo. Katika simu zao utamkuta Hugh Masekela na Manu Dibango wakikaa pamoja na Les Wanyika na Samba Mapangala. Wanachokosa ni kusikia vyombo vikipigwa mbele yao, kwenye chumba ambacho wanaweza kukifikia na kurudi nyumbani kabla ya usiku wa manane.

Wiki ya mwanamuziki

Kwa nini katikati ya wiki? Kwa sababu wikendi ya mwanamuziki wa Nairobi ina wenyewe. Jumamosi ni ya harusi na hafla za kampuni, ambako mwenye pesa ndiye anayechagua nyimbo. Jumapili asubuhi wengi wao wako kanisani, kwenye kibodi, besi na dramu, na huko ndiko wengi walikojifunza kupiga.

Jumanne hadi Alhamisi ndizo siku wanazopiga wanachokitaka. Kundi huwa dogo: piano au gitaa, besi, dramu, pengine saksafoni au tarumbeta. Wimbo unapigwa mara moja ili wote waujue, kisha kila mpigaji anapewa zamu ya kuutembeza apendavyo, wenzake wakimsikiliza na kumjibu, hadi wanaporudi pamoja pale walipoanzia.

Ukikaa karibu unaona mengi ambayo rekodi haiwezi kukuonyesha. Mpiga saksafoni analowesha kile kipande chembamba cha mwanzi mdomoni kabla ya kukifunga kwenye chombo. Mpiga dramu anaweka fimbo chini na kuchukua brashi za waya, anazisugua juu ya ngozi taratibu, na chumba kizima kinapunguza sauti ya mazungumzo bila kuambiwa. Mpiga besi anatikisa kichwa kumwonya mpiga piano kwamba zamu yake imekwisha, naye anajifanya hajaona, anaongeza mizunguko mingine minne, na wenzake wanacheka huku wanapiga.

Shoo za aina hii ndizo ninazozitetea. Tamasha kubwa lina raha yake, lakini muziki huu hukua kwenye vyumba vidogo, mbele ya watu wachache wanaosikiliza kwa makini.

> "Wikendi mwenye pesa ndiye anayechagua nyimbo. Katikati ya wiki wanamuziki hupiga wanachokitaka."

Shoo ziko wapi

Chora mstari kwenye ramani ya Nairobi kufuata Uhuru Highway. Karibu jazz yote ya katikati ya wiki iko kwenye mstari huo au magharibi yake.

Kwa miaka kadhaa J's ya Westlands ilijijengea jina kwa bendi za Alhamisi. Geco Café ya Lavington iliwapa nafasi vijana wanaotaka kujaribu tungo zao wenyewe. Alliance Française na Goethe-Institut, zote katikati ya jiji, zimewapokea wanamuziki wa Kenya kwa miongo mingi, na shoo zao zina faida moja kubwa kwa mtu wa Eastlands: huanza mapema na kuisha mapema.

Wapigaji wenyewe hawana upungufu. Nairobi Horns Project iliwaleta pamoja Mackinlay Mutsembi kwenye tarumbeta, Rabai Mokua kwenye saksafoni na Victor Kinama kwenye tromboni, wakachukua nyimbo ambazo Wakenya wanazijua na kuzipa pumzi mpya. Juma Tutu amekuwa akiichanganya saksafoni na midundo ya Pwani. Yuko Jacob Asiyo kwenye kibodi, wako Eddie Grey na Kato Change kwenye gitaa. Mpiga piano Aaron Rimbui alikomaa Nairobi kabla ya kuhamia New York.

Basi mkazi wa Tassia anapoitazama orodha ya wiki, majina yanamvutia. Kinachomrudisha nyuma ni hesabu nyingine.

Tangazo linasema saa mbili, lakini muziki unakolea saa tatu na nusu. Duru ya pili, ambayo aghalabu ndiyo tamu, inaanza saa nne. Wakati huo matatu za kurudi zimepungua, na kama mvua imenyesha nauli imepanda. Teksi ya kuitwa kwa simu kutoka Lavington hadi Tassia yaweza kuzidi kiingilio cha shoo yenyewe. Asubuhi yake mtu huyo anaamka saa kumi unusu ili aiwahi Jogoo Road kabla haijafunga.

Ndiyo maana wengi huchagua kutokwenda. Siwalaumu.

Kumbi zilikuwa huku

Linaloumiza katika hali hii ni kwamba muziki wa bendi jijini Nairobi ulikulia mashariki. Pumwani Memorial Hall ilikuwa na dansi tangu enzi za ukoloni. Kaloleni ilipojengwa katika miaka ya 1940, ukumbi wa kijamii uliwekwa katikati ya mtaa, na nyumba zikapangwa kuuzunguka. Mtu alitoka kazini, akaoga, akavaa suti, akatembea hadi kwenye dansi.

Ni wakati huohuo Fundi Konde, aliyezaliwa Pwani mwaka 1924, alipokuwa akijitengenezea jina kwa gitaa na sauti yake laini. Kusini mwa mpaka Dar es Salaam Jazz Band ilikuwa imeanza katika miaka ya 1930, na Morogoro Jazz, ambayo baadaye ingemlea Mbaraka Mwinshehe, ilianza mwaka 1944. Kinshasa ikaleta OK Jazz ya Franco mwaka 1956. Nyanza ikawa na Victoria Jazz, na Shirati Jazz ya Daniel Owino Misiani.

Bendi hizo zilipiga rumba, dansi na benga, na jina la jazz zililibeba kwa fahari bila kumwomba mtu ruhusa. Mwaka 1960, Louis Armstrong alipozunguka Afrika na tarumbeta yake, Nairobi ilikuwa miongoni mwa miji aliyopitia. Mashabiki wa hapa hawakuwa wageni wa tarumbeta wala wa saksafoni.

Kwa hiyo simwoni kama aliyepotea njia yule mkazi wa Tassia anayeamua Jumatano yake iishie kwenye baa ya Outering yenye bendi ya rumba. Sebene ya dakika kumi, gitaa la solo likipanda huku la pili likishikilia mwendo, inataka masikio yaleyale. Les Mangelepa, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1976, imelea mashabiki wa vyombo vya kupuliza kwa miaka mingi kuliko mkahawa wowote wa Lavington.

Tassia yenyewe ilikua kwa namna nyingine. Ardhi hii ilikuwa shamba la kahawa, ikawa mikononi mwa NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, kisha ikagawanywa ploti kwa ploti. Mwenye ploti hujenga vyumba vya kupangisha, ghorofa juu ya ghorofa, kwa sababu kodi ndiyo inayolipa mkopo. Ukumbi hauna mpangaji wa kila mwezi.

Usingizi wa jirani

Kuna upande ambao mashabiki wa muziki huupuuza, nao una haki yake. Ni upande wa anayelala.

Katika maghorofa ya Tassia, dirisha la chumba cha kulala linaangaliana na dirisha la jirani. Baa ikiwa chini, spika zake zinamfikia mtoto wa ghorofa ya nne, nesi aliyetoka zamu ya usiku na mtahiniwa anayejiandaa kwa mtihani. Watu hawa wamechoka kusikia kwamba burudani ni ajira. Wana ajira zao pia.

Sheria iko upande wao. Kanuni za kelele zilizotolewa mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira, zinazosimamiwa na NEMA, zinaweka kiwango cha desibeli 50 nje ya nyumba za kuishi wakati wa mchana, na 35 usiku. Usiku kwa mujibu wa kanuni hizo unaanza saa mbili na kuisha saa kumi na mbili asubuhi. Desibeli 35 inakaribia mnong'ono. Seti ya dramu peke yake, bila spika hata moja, hupita 90.

Novemba 2022 Gavana wa Nairobi, Johnson Sakaja, akakaza kamba zaidi: vilabu vya usiku visipewe leseni katika mitaa ya makazi, vibaki katikati ya jiji. Baa na mikahawa iliachwa iendelee, kwa masharti ya kelele na muda.

Wanamuziki walihofia kwamba amri ile ingemkata mpiga gitaa pamoja na DJ. Hofu hiyo ina msingi. Afisa anayekuja usiku na kifaa cha kupimia sauti hatofautishi brashi za waya na spika za futi sita. Anasoma namba tu. Lakini mkazi aliyepiga simu naye hakuamshwa na brashi. Kwa mawazo yangu wanamuziki wangeshinda mengi kama wangejitenga waziwazi na kelele, wakaja mtaani na vikuza sauti vidogo, na wakawaalika majirani waje wasikilize kabla ya kulalamika.

Hesabu ya mwenye baa

Mwenye baa naye ana hoja zake, na ukizungumza naye vizuri atakufungulia daftari.

DJ ni mtu mmoja na kompyuta. Kundi la jazz ni watu wanne, kila mmoja na ujira wake, nauli yake na chakula chake. Mpiga mugithi anakuja na gitaa moja na kibodi, anashika baa nzima hadi usiku, na wateja wanaagiza kwa meza. Msikilizaji wa jazz anaweza kushika chupa moja saa nzima huku amefumba macho. Juu ya hayo kuna leseni za hakimiliki, ambazo kila anayecheza muziki hadharani anatakiwa kuwa nazo.

Tena kuna mpira. Jumanne na Jumatano ni siku za Ligi ya Mabingwa ya Ulaya, na mechi kubwa huanza saa nne au saa tano usiku kwa saa za hapa. Hakuna mwenye baa wa Tassia atakayezima skrini ili mpiga piano apate kusikika. Ningekuwa yeye, nami nisingezima.

Hata hivyo, kuanzia saa kumi na moja jioni hadi mechi inapoanza, viti vyake vingi huwa vitupu. Ndio wakati anaopaswa kuutazama.

> "Hakuna mwenye baa wa Tassia atakayezima skrini ya Ligi ya Mabingwa ili mpiga piano apate kusikika."

Saa tatu ambazo sheria imeziacha wazi

Ziweke sheria mbili pamoja. Sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010, ambayo Wakenya waliibandika jina la John Mututho, inaruhusu baa za kawaida kuuza kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi. Kanuni za kelele zinaanza kuhesabu usiku saa mbili. Katikati hapo pana saa tatu ambazo pombe imeruhusiwa, jua linatua, na kiwango cha sauti bado ni cha mchana.

Saa tatu zinatosha duru mbili za jazz na mapumziko. Hazitoshi kupiga kwa fujo, maana hata desibeli 50 si nyingi, lakini piano, besi na brashi ndani ya chumba kilichofungwa madirisha vinaweza kuishi na majirani.

Pingamizi ninalisikia: nani atakuwa ameshafika Tassia saa kumi na moja unusu? Anayetoka ofisini saa kumi na moja hufika nyumbani saa moja, msongamano ukiwa umemchosha vya kutosha. Pingamizi hilo ni la kweli, na ndilo linalonifanya niamini kwamba jukwaa la kwanza la Tassia halipaswi kuwa Tassia.

Linapaswa kuwa njiani. Matatu zinazopita Jogoo Road kuelekea Donholm na Outering huipita Kaloleni, kisha zinakwama na kusota. Abiria yule anayekaa saa nzima ndani ya gari lisilosogea angeweza kushuka Kaloleni au Jericho, akasikiliza muziki kwa saa hiyohiyo, kisha akapanda tena barabara ikiwa imelegea. Angefika nyumbani kwa kuchelewa kidogo tu kuliko kawaida, akiwa amesikia bendi nzima. Kumbi za kijamii za huko ni mali ya umma, na vijana wa mitaa hiyo huzitumia kwa mazoezi na mikutano. Piano hazina, lakini kibodi hubebwa.

Wanafunzi tayari wapo

Na wapigaji watatoka wapi? Korogocho, kwa mfano. Tangu mwaka 2008 mradi wa Ghetto Classics, chini ya wakfu wa Art of Music ulioanzishwa na Elizabeth Njoroge, umekuwa ukifundisha watoto wa huko violini, klarineti, tarumbeta na saksafoni. Tamasha la jazz la Safaricom lilipoanza mwaka 2014, mapato ya tikiti yalielekezwa kwa mradi huo, na Bob Collymore, mkuu wa kampuni hiyo hadi kifo chake mwaka 2019, aliupenda muziki huu kiasi cha kujifunza saksafoni yeye mwenyewe.

Watoto wale sasa ni watu wazima. Wengine wanafundisha, wengine wanapiga kwenye bendi. Wanapopata shoo, wanavuka jiji kama yule kijana wa shati jeupe. Ni aibu kwa jiji letu kuwafundisha watu mashariki, kisha kuwalazimu wakauze walichojifunza magharibi, wakati majirani zao wenyewe hawajawahi kuwasikia.

Ukiwa na jioni moja tu

Hadi hapo mambo yatakapobadilika, mkazi wa Tassia atabaki na uamuzi wa kufanya kila wiki. Ushauri wangu ni ukae na shoo moja kwa mwezi na uichague kwa makini, badala ya kujichosha kila Alhamisi.

Tazama saa ya kuanza kabla ya kutazama jina. Shoo ya saa kumi na mbili unusu kwenye taasisi ya katikati ya jiji, hatua chache kutoka kwenye matatu, ina thamani kuliko bendi mashuhuri inayopanda jukwaani saa nne usiku huko Lavington. Piga simu uulize kama ni bendi kamili au mwimbaji mmoja anayeimba juu ya muziki uliorekodiwa, kwani matangazo mengi hayasemi. Kati ya kundi linaloiga nyimbo za redio na kundi changa lenye tungo zake, nenda kwa hilo changa, hata likikosea. Kaa karibu na mpiga dramu. Na kama ni lazima uvuke mji, tafuta wenzako wa Fedha, Pipeline na Donholm, mrudi kwa teksi moja mkigawana nauli.

Ukirudi, mwambie mwenye baa ya mtaani kwako ulilolipa huko na uliloliona. Wenye baa husikia zaidi wanapotajiwa pesa zilizotumika kwa mwenzao.

Kaunti nayo ina tarehe ya kuanzia. UNESCO ilitangaza mwaka 2011 kwamba Aprili 30 iwe Siku ya Kimataifa ya Jazz, na miaka mingi tarehe hiyo huangukia siku ya kazi. Ukumbi wa Kaloleni ufunguliwe jioni hiyo. Saa kumi na moja unusu waanze vijana wa Korogocho, saa kumi na mbili na nusu wapande wakongwe, na saa mbili kasoro robo vyombo vifungwe. Kiingilio kisizidi nauli ya kutoka mjini hadi Tassia.